Kuhitimu TASAF si kuuaga umaskini

Kipindi cha pili cha Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini, unaoendeshwa na Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF), kilipangwa kufikia ukomo Septemba 2025, na kadiri tarehe hiyo ilivyokaribia ndivyo mazungumzo yote yalivyogeukia swali moja: kaya ngapi zimehitimu, yaani zimetolewa kwenye mpango kwa kuonekana zimejikwamua. Viongozi huitaja idadi hiyo majukwaani kama uthibitisho kwamba fedha hazikupotea bure. Wakosoaji huichukua idadi ileile na kuuliza mbona miaka zaidi ya kumi imepita na wengine bado wamo. Wanabishana vikali, ila kwenye la msingi wamekubaliana: kwamba mpango wa aina hii hupimwa kwa watu unaowatoa. Nadhani wote wamekosea, na kosa hilo litatugharimu wakati huu ambapo nchi inaamua kitakachofuata. Watanzania wengi huingia kwenye umaskini, wakatoka, kisha wakaingia tena. Mpango unaosajili watu mara moja baada ya miaka kadhaa na kuwahitimisha kwa mkupuo haulingani na maisha hayo, hata ukisimamiwa na malaika. Marekebisho ya maana ni mengine: daftari la walengwa liwe wazi mwaka mzima, wazee na watu wenye ulemavu wapate fungu lao kwa sheria bila kupimwa umaskini, na fedha zitoke kwenye bajeti yetu wenyewe kwa tarehe inayojulikana.

Turudi nyuma kidogo, maana wengi huizungumzia TASAF kana kwamba imekuwa kitu kimoja tangu mwanzo. Mfuko wa Maendeleo ya Jamii ulianzishwa mwaka 2000, wakati wa Rais Benjamin Mkapa, na awamu zake mbili za mwanzo zilijulikana kwa majengo: madarasa, zahanati, visima na barabara za vijijini zilizoibuliwa na wananchi wenyewe. Kugawa fedha taslimu kulianza kama jaribio mwaka 2010 katika wilaya za Bagamoyo, Chamwino na Kibaha. Vijiji 80 vilichaguliwa, 40 vikaanza kupokea ruzuku na 40 vikasubiri, ili matokeo yalinganishwe. Masharti yalikuwa watoto waende shule na kliniki, na wazee wafike kituo cha afya. Matokeo yakaridhisha, na Agosti 2012 Rais Jakaya Kikwete akazindua awamu ya tatu, ndiyo Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini, ambayo katika miaka michache ilizifikia kaya milioni 1.1, yaani watu kama milioni 5. Kipindi cha pili cha awamu hiyo kilizinduliwa na Rais John Magufuli Februari 2020, safari hii mkazo mkubwa ukiwekwa kwenye ajira za muda.

Viwango vya kipindi cha kwanza vinafaa kukumbukwa kila mjadala unapoanza. Kaya ilipata Sh 10,000 kwa mwezi kama ruzuku ya msingi. Yenye watoto iliongezewa Sh 4,000. Kila mtoto wa shule ya msingi aliongeza Sh 2,000, wa sekondari zaidi kidogo, na ukomo wa kaya nzima, hata iwe na watu wanane, ulikuwa Sh 38,000 kwa mwezi. Utafiti wa mapato na matumizi ya kaya wa mwaka 2017/18, uliofanywa na Ofisi ya Taifa ya Takwimu, uliweka mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi kuwa Sh 49,320 kwa mtu mzima mmoja kwa mwezi. Kwa hiyo kiwango cha juu kabisa ambacho kaya nzima ingeweza kupata hakikufikia mahitaji ya msingi ya mtu mzima mmoja. Hii haikuwa fedha ya kumwondoa mtu kwenye umaskini, wala haikupangwa iwe hivyo. Ilikuwa fedha ya kumzuia asizame.

Nimewahi kukaa kwenye baraza ya ofisi ya kijiji siku ya malipo, mkoani Morogoro. Akina mama walifika alfajiri, kadi zimefungwa kwenye pindo za khanga, na kila aliyeitwa alitia dole gumba, akahesabu noti mbele ya wajumbe wa kamati, akatoka. Hatua chache kutoka mlangoni alikaa mwenye duka la kijiji na daftari lake la madeni. Bibi mmoja anayelea wajukuu wawili wa shule ya msingi alipokea Sh 36,000 za miezi miwili, akaenda moja kwa moja kwa yule mwenye duka, akalipa Sh 21,000 za unga, sabuni na daftari za watoto. Mtu wa haraka angesema pesa ya serikali imeishia dukani. Nilimuuliza mwenye duka kama angemkopesha bibi huyo kabla hajaingia kwenye mpango. “Hata kilo moja ya unga nisingempa,” alisema. “Sasa najua pesa yake inakuja.” Na ikichelewa? “Ikichelewa na mimi nafunga daftari.”

Jibu hilo lina uchumi ndani yake kuliko hotuba nyingi. Kinachompa bibi unafuu ni zaidi ya Sh 18,000 za mwezi. Ni kuaminika kwake dukani, kwa fundi cherehani wa sare za wajukuu, na kwenye kikundi cha kuweka na kukopa. Kuaminika huko kunategemea tarehe. Ruzuku ya Sh 18,000 inayokuja kwa wakati ina thamani kuliko ya Sh 30,000 inayokuja serikali ikijaliwa. Ndiyo maana ucheleweshaji wa malipo, ambao maofisini huonekana kama suala la taratibu tu, kijijini ni kupunguza ruzuku yenyewe. Na malipo ya mradi unaoishi kwa ahadi za wafadhili, hata watendaji wake wawe na nia njema kiasi gani, hayawezi kuwa na tarehe isiyoyumba.

Sasa nije kwenye hoja inayosikika zaidi, na ambayo kwa maoni yangu ndiyo dhaifu kuliko zote: kwamba fedha hizi zinazalisha uvivu. Anayesema hivyo hajapiga hesabu. Sh 36,000 kwa watu watatu kwa siku 60 ni Sh 200 kwa kichwa kwa siku. Hakuna mkulima wa Kongwa wala mvuvi wa Mafia atakayetundika jembe au nyavu kwa ajili ya Sh 200. Lakini tuiache hesabu, tutazame ushahidi. Mwaka 2017 Abhijit Banerjee na wenzake walikusanya matokeo ya majaribio saba ya mipango ya serikali ya ruzuku katika nchi sita, zikiwemo Mexico, Indonesia, Ufilipino na Morocco, na hawakuona kwamba ruzuku iliwafanya watu waache kazi. David Evans na Anna Popova wa Benki ya Dunia walipitia tafiti 19 mwaka 2014 kutafuta kama wapokeaji huongeza matumizi ya pombe na tumbaku, na hawakuliona ongezeko hilo. Hapa kwetu, vijiji vya majaribio vya Bagamoyo, Chamwino na Kibaha vilionyesha kaya zikinunua kuku na mbuzi, watoto wakivaa viatu, na watu wengi zaidi wakijiunga na Mfuko wa Afya ya Jamii. Ng'ambo ya mpaka, katika kaunti ya Siaya nchini Kenya, watafiti walifuatilia vijiji 653 baada ya kaya zaidi ya 10,000 kupewa karibu dola 1,000 kila moja na shirika lisilo la kiserikali. Fedha ile ilizunguka kwa mafundi, wenye maduka na vibarua hata waliokuwa hawakupewa wakanufaika, na kila dola moja iliyoingia ilizalisha karibu dola mbili na nusu za shughuli za kiuchumi. Bei za bidhaa zilipanda kwa kiasi kidogo mno kisichofikia hata asilimia moja.

Hoja ya uvivu inadumu kwa sababu kila kijiji kina mlevi wake aliyewahi kupokea ruzuku, na huyo ndiye anayekumbukwa. Akina mama kumi waliolipa ada ya kikundi siku hiyohiyo hawana habari ya kusimuliwa. Nakubali hata hivyo kwamba ndani ya wasiwasi wa utegemezi kuna jambo la kweli, ila linatafutwa pasipokuwapo. Utegemezi ninaouogopa ni wa mwananchi kwa mtu mwenye kalamu. Kitu ambacho hakimo kwenye sheria hugeuka hisani, na mwenye hisani hutaka kukumbukwa. Bibi yule hawezi kugombana na mwenyekiti wa kitongoji juu ya mpaka wa shamba, wala kusimama mkutanoni kuuliza matumizi ya fedha za kijiji, akijua kwamba jina lake linaweza kurukwa kwenye uhakiki ujao. Msimu wa uchaguzi ukifika, tishio hilo halihitaji hata kutamkwa. Anayetaka kweli kuwaondolea maskini utegemezi aanzie hapo.

Hoja ya pili ina uzito zaidi: kwamba wasiostahili wamo na wanaostahili hawamo. Ni kweli. Mwaka 2016 serikali ilifanya uhakiki na kuondoa makumi ya maelfu ya kaya zilizoitwa hewa au zisizo na sifa, na kulikuwa na sababu ya kuudhika. Hata hivyo, tangu hapo tumetumia nguvu nyingi kumsaka aliyepenya kuliko kumtafuta aliyeachwa. Utambuzi una hatua tatu. Kwanza huangaliwa maeneo yenye umaskini mkubwa, kisha mkutano wa kijiji unataja majina, halafu dodoso linapita nyumba kwa nyumba: paa la nini, sakafu ya nini, choo cha aina gani, mnalala wangapi, mbuzi wangapi. Majibu huingizwa kwenye kompyuta, alama zikatoka, na alama ndizo huamua. Caitlin Brown, Martin Ravallion na Dominique van de Walle waliupima utaratibu wa namna hii kwa takwimu za nchi tisa za Afrika, Tanzania ikiwemo, na matokeo waliyoyachapisha mwaka 2018 yanapaswa kutufikirisha. Utaratibu huu hupunguza wasio maskini wanaopenya, lakini kwa gharama ya kuwaacha nje maskini wengi, na njia rahisi zaidi, kama kuangalia tu muundo wa kaya na umri wa watu wake, hufanya kazi karibu sawasawa nao. Vijijini kwetu tofauti ya kipato kati ya kaya ya mwisho iliyoingia na ya kwanza iliyoachwa ni ndogo mno kiasi kwamba majirani hawaioni. Wanachoona ni kwamba mmoja ameitwa na mwingine hakuitwa, na wanatafsiri wanavyojua.

Kisha fikiria utaratibu huohuo unapotumika kuhitimisha. Mama anajinyima, anaingia kikundi cha akiba, baada ya miaka mitatu anaezua nyasi na kupiga bati. Ndivyo tulivyomwambia afanye. Dodoso likirudi, lile bati linahesabiwa, pamoja na kuku wake na simu ya tochi aliyonunua ili apokelee malipo, na jina lake linakatwa. Msimu unaofuata mvua zinakatika mapema, au mume anaugua na kulazwa, kuku wanauzwa, mbuzi wanauzwa, simu inauzwa. Bati liko palepale juu, na chini yake hakuna kilichobaki. Akienda kwa mtendaji anaambiwa usajili umefungwa mpaka kipindi kingine kitakapoanza, na hakuna ajuaye kitaanza lini. Huyu si mtu wa pekee. Tathmini ya umaskini Tanzania Bara iliyotolewa na Benki ya Dunia mwaka 2019 ilieleza kwamba kwa kila Watanzania wanne waliotoka kwenye umaskini, watatu waliingia. Umaskini wa mahitaji ya msingi kitaifa ulishuka kutoka asilimia 28.2 mwaka 2011/12 hadi asilimia 26.4 mwaka 2017/18, tofauti ambayo ukiitazama kwa mbali utadhani ni watu walewale waliosimama palepale. Kumbe chini yake kuna msongamano wa watu wanaopanda na kushuka. Kutangaza idadi ya waliohitimu bila kutaja wangapi wamerudi walikotoka ni kusoma upande mmoja wa leja.

Ndiyo maana sitetei kwamba kila aliyeingia abaki milele. Kaya yenye vijana wenye nguvu, iliyopata mtaji na ikasimama, itoke, na nafasi yake ichukuliwe na nyingine. Ninachodai ni mlango ufunguke pande zote mbili. Mtu akitoka, arudi bila kusubiri mfadhili mpya, na kurudi huko kuamuliwe kwa tukio linaloonekana na kuthibitishwa na kijiji: kifo cha mtafutaji, ugonjwa mrefu, mafuriko, ukame. Wajumbe wa kamati wanayajua mambo hayo wiki hiyohiyo yanapotokea. Kompyuta ya makao makuu itayajua baada ya miaka mitano, kama itayajua.

Juu ya kufanya kazi badala ya kupewa, hapa niko katikati. Ajira za muda zimeacha vitu vinavyoonekana: malambo, barabara za mashambani, vitalu vya miti. Watu hujivunia kuvionyesha. Ujira ulianza kwa Sh 2,300 kwa siku, ukapandishwa kuwa Sh 3,000, kwa siku zisizozidi 60 kwa mwaka, nyingi zikiwa miezi ya njaa kabla ya mavuno. Kwa kijana ni msaada mzuri. Lakini sehemu kubwa ya kaya hizi ni za bibi na wajukuu, za wajane, za wagonjwa, na kumpa sururu mtu wa miaka 74 ili athibitishe kwamba anastahili kula ni jambo ambalo hakuna anayelitetea akiombwa alitetee hadharani kwa mfano wa mama yake mwenyewe. Umri wake hautapungua kwenye tathmini ijayo. Hana pa kuhitimu.

Hoja iliyo ngumu kweli ni ya fedha. Nchi yenye watu milioni 61.7 kwa sensa ya 2022, yenye upungufu wa walimu na madeni ya kulipa, itapata wapi za kugawa? Waziri wa Fedha akisema hivyo hasemi kwa roho mbaya. Tupige hesabu ya wazi. Kaya milioni moja, kila moja Sh 30,000 kwa mwezi, ni Sh bilioni 360 kwa mwaka. Bajeti ya mwaka 2025/26 ilikuwa Sh trilioni 56.49. Hiyo ni chini ya asilimia moja, ukiweka na gharama za uendeshaji juu yake. Mwaka 2022 bei za mafuta zilipopanda duniani, serikali iliingiza ruzuku ya Sh bilioni 100 kwa mwezi kuanzia Juni, na ilikuwa uamuzi sahihi kwa dharura ile kwa sababu nauli na bei za vyakula ziligusa kila mtu. Hata hivyo mwenye gari la lita 80 alipata fungu kubwa kuliko bibi asiye na hata baiskeli. Ruzuku ya mafuta ya miezi isiyofika minne, kwa kiwango kile, ingetosha kuzilipa kaya milioni moja mwaka mzima. Kwa hiyo uwezo haukosekani kabisa. Tumekuwa hatujalazimika kuchagua, kwa sababu kuna mtu mwingine aliyekuwa analipa.

Na huyo mtu mwingine anaondoka. Uti wa mgongo wa kipindi cha pili ulikuwa mkopo wa dola milioni 450 kutoka Benki ya Dunia, ulioidhinishwa mwaka 2019, pamoja na michango ya nchi rafiki. Mwaka 2025 Marekani ilifunga shirika lake la misaada la USAID, na Uingereza ikatangaza kupunguza misaada yake hadi asilimia 0.3 ya pato lake ifikapo 2027. Mkopo nao si zawadi: wajukuu wa yule bibi watasaidia kuulipa. Mtu anaweza kusema hali hii ndiyo sababu ya kupunguza walengwa haraka, na nahofia kwamba ndicho kitakachotokea chini ya jina la kuhitimu. Mimi naisoma kinyume. Kama fedha za nje zinapungua, basi sehemu ya mpango isiyoweza kusitishwa lazima ihamishiwe kwenye fedha za ndani kwanza, nayo ni ya wazee na wenye ulemavu, kisha fedha za nje zilizobaki zitumike kwa yale yanayoweza kuanza na kuisha: malambo, ruzuku za uzalishaji, mafunzo.

Mfano hatuhitaji kuufuata mbali. Zanzibar ilianza kulipa pensheni jamii Aprili 2016, kwa kila mkaazi mwenye miaka 70 na zaidi, Sh 20,000 kwa mwezi kutoka bajeti ya Serikali ya Mapinduzi, na baadaye ikaipandisha hadi Sh 50,000. Hakuna anayepimwa paa. Mwenye umri na ukaazi anapata, tajiri na maskini, na kwa sababu hiyo hakuna mzee anayeonewa kijicho wala kuitwa mzigo. Watapinga kwamba wenye uwezo nao wanapewa. Ni kweli, lakini gharama ya kumpa mzee mmoja mwenye uwezo ni ndogo kuliko gharama ya madodoso, magari ya uhakiki, rufaa na manung'uniko yanayotumika kumtoa. Kenya ilikwenda njia hiyo mwaka 2018, ilipofungua mpango wake wa ruzuku wa Inua Jamii kwa kila mwenye miaka 70 na zaidi asiye na pensheni ya serikali. Katiba yao ya 2010, ibara ya 43, inaitaka dola iwape hifadhi ya jamii wasioweza kujikimu. Hata hivyo Kenya inatufundisha na upande wa pili: Sh 2,000 za Kenya kwa mwezi zimebaki zilezile kwa zaidi ya muongo mmoja huku bei zikipanda, na wazee wa huko wamezoea kusubiri malipo ya miezi kadhaa kwa pamoja. Haki bila tarehe na bila kiwango kinachofuata bei huliwa polepole hadi ikabaki jina.

Katiba yetu nayo inasema. Ibara ya 11(1) inaitaka mamlaka ya nchi iweke utaratibu wa kufanikisha haki ya mtu kupata msaada wa jamii wakati wa uzee, maradhi na ulemavu. Tatizo ni kwamba ibara ya 7(2) inazuia masharti ya sehemu hiyo yasitekelezwe na mahakama yoyote, kwa hiyo bibi hawezi kumshtaki mtu kwa jina lake kurukwa. Mpaka katiba ibadilike, sheria ya kawaida ya Bunge inaweza kuliziba pengo hilo. Afrika Kusini inalipa ruzuku za wazee, watoto na wenye ulemavu kwa sheria ya mwaka 2004, na ndiyo maana mawaziri wanabadilika, uchumi unayumba, malipo yanaendelea.

Jambo hili lina haraka kuliko linavyoonekana, kwa sababu ya bima ya afya. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 inataka wasio na uwezo wagharamiwe. Ili kumlipia asiye na uwezo lazima kwanza umjue, na daftari pekee kubwa la nchi nzima lenye majina ya watu hao ni la TASAF. Likiwa daftari lililofungwa, lililopunguzwa kwa mkupuo ili takwimu za kuhitimu zipendeze, basi kosa moja litazaa mawili: aliyekatwa ruzuku kwa sababu ya bati lake atanyimwa na kadi ya matibabu, na atalijua hilo siku mtoto wake atakapolazwa. Wanaopanga bima na wanaopanga ruzuku wanatakiwa kukaa meza moja sasa, kabla orodha moja haijaanza kutumika kwa mambo ambayo haikuandaliwa kuyabeba.

Hatua ya kwanza inaweza kuwa ndogo. Muswada mmoja wa pensheni ya wazee wa Bara wenye miaka 70 na zaidi, unaotaja kiwango, unaotaja siku ya mwezi ya kulipwa, unaotaka kiwango kipitiwe kila mwaka kwa kufuata bei, na unaompa mzee asiyelipwa mahali pa kulalamika nje ya ofisi ya kijiji chake. Wazee hao wakihamia huko, TASAF itabaki na kaya zenye watu wa umri wa kufanya kazi, ambako mazungumzo ya mtaji, mafunzo na kutoka yana maana, na ambako kurudi kunapaswa kuruhusiwa. Umri wenyewe utathibitishwa kwa kitambulisho cha taifa, na pale ambapo mzee hana, kwa ushahidi wa baraza la kijiji lililokua naye. Fedha za mwaka wa kwanza Bunge linaweza kuzipitisha kwenye bajeti moja, chini ya fungu la ndani, na kila mbunge akaulizwa jimboni kwake kama alipiga kura ya ndiyo.